Miaka Sabini Mbele ya Ubao wa Sataranji



Mwezi uliopita tulikuwa Njoro kwa siku nne. Njoro ni mji mdogo ulio upande wa magharibi wa Nakuru, katikati ya mashamba ya ngano na viazi yanayopanda mpaka yakakutana na msitu wa Mau. Sisi watu wa pwani baridi ya huko hutuonea. Alfajiri maji ya udhu huchoma mikono kama moto, na kanzu moja haitoshi. Lakini tuna watoto wetu huko, wa Mombasa, Kwale, Malindi na Lamu, wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Egerton, na wao ndio waliotualika kwa darsa za baina ya Magharibi na Isha.

Usiku wa pili, darsa ilipokwisha, binti mmoja alibaki nyuma pamoja na wenzake wawili. Akasema: "Ustadhi, nina swali, lakini naogopa baba asije akakasirika." Tukamwambia: "Uliza mwanangu, swali la heri halina hofu." Akaeleza kwamba wenzake wamemchagua kucheza sataranji katika mashindano ya vyuo, na kwamba baba yake, aliyezipata habari hizo kwa shangazi, amempigia simu na kumkataza. Baba amesema mchezo huo ni haramu, tena ni wa wanaume wa barazani, na hata akishinda, atapata nini?

Kwa idhini ya binti mwenyewe tulizungumza na mzee huyo kesho yake. Ni mtu mwema, mwenye uchungu na watoto wake. Habari ya uharamu tuliimaliza kwa muda mfupi. Yaliyobaki yalituchukua saa nzima, na mwisho alitutupia swali ambalo ndilo lililotuandikisha makala haya: "Sheikh, nionyeshe mwanamke mmoja aliyeushika mchezo huu, akazeeka nao, na heshima yake ikabaki."

Tuanze na sharia, kwa kuwa najua wako akina mama wengi wanaosubiri hapo. Wanavyuoni wametofautiana. Wafuasi wa Abu Hanifa, Malik na Ahmad wameukemea mchezo wa sataranji kwa ukali zaidi. Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyokulia nayo pwani nzima kutoka Lamu hadi Kilwa, ameuona ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, bila ya kuufanya haramu, na akautenga na mchezo wa dadu ambao katazo lake ni wazi. Imam Nawawi akaweka mipaka: ukiingia kamari, au ukimpotezea mtu Sala, hapo unakuwa haramu. Katika vitabu vya wanavyuoni wetu husimuliwa pia kwamba Said bin Jubayr, mmoja wa wakubwa wa Tabiina, aliucheza hali ameupa ubao mgongo, akiambiwa tu kete imekwenda wapi. Mnamo Januari 2016 zilienea habari za Mufti Mkuu wa Saudia wa wakati ule kuukataza. Na Desemba 2017 mji wa Riyadh huo huo ukaandaa mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka. Basi ikhtilafu ipo, na mwenye kuuacha kwa kujichunga hatulaumiwi naye. Lakini mzazi asimwambie mwanawe kuwa jambo ni haramu bila ya tafsiri, kisha akamwacha na simu mkononi usiku kucha.

Hata majina ya mchezo wenyewe yamepita mikononi mwa Waislamu. Ulitoka Bara Hindi, ukaingia Uajemi, na Waarabu wakaupokea kutoka huko na kuupeleka mpaka Andalusia. Neno wanalolitamka Wazungu mfalme anapofungwa asiwe na pa kwenda, asili yake ni shah mat, mfalme amekwisha. Mjini Baghdad, katika zama za Bani Abbas, aliishi Abu Bakr as-Suli, aliyefariki mwaka 946, mwanachuoni wa adabu na historia aliyekuwa hashindiki mbele ya ubao. Aliacha fumbo moja la sataranji lililowashinda watu kwa takriban miaka elfu.

Jambo moja hapa litawapendeza akina mama. Katika sataranji ya as-Suli, pembeni mwa mfalme hakukuwa na malkia. Palikuwa na waziri, aliyeitwa firzan, naye alikuwa dhaifu: chumba kimoja tu, tena kwa mshazari. Ulipofika Ulaya waziri akageuzwa malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 akapewa nguvu za kwenda mbele, nyuma, pembeni na mshazari, umbali wowote autakao. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 500 kete yenye nguvu kuliko zote ubaoni imekuwa ni mwanamke, na waliokaa kuzisogeza kete hizo wakawa karibu wote ni wanaume.

Njoro inayajua mambo ya namna hii. Chuo cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu, kwa ardhi aliyoitoa Maurice Egerton, mlowezi tajiri wa Kiingereza. Ngome yake ya mawe ingali imesimama upande wa Ngata, si mbali na chuo. Watu wa huko husimulia kwamba aliijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na baada ya hapo akawapiga marufuku wanawake wote wasikanyage ardhi yake. Alifariki mwaka 1958, hakuoa. Leo mabinti wamejaa tele katika chuo kinachobeba jina lake, na wengine, kama tulivyoona, wanacheza sataranji baada ya masomo.

Sasa tumjibu mzee wetu.

Mwanamke tuliyemtafutia anaitwa Nona Gaprindashvili. Si Mwislamu, na hatumleti hapa kwa sababu ya dini. Tunamleta kwa sababu swali lilikuwa juu ya subira na heshima, na katika mambo hayo mawili hatujapata mfano ulio wazi kuliko wake. Alizaliwa tarehe 3 Mei 1941 katika mji wa Zugdidi, magharibi ya Georgia, nchi ndogo ya milima iliyo baina ya Uturuki na Urusi. Nyumbani kwao alikuwa msichana peke yake kati ya kaka watano. Wasomaji wenye mabinti wa aina hiyo wanajua: hufuata kila wafanyalo kaka zake. Kaka zake walicheza sataranji, naye akiwa na umri wa miaka kama mitano akajifunza kwa kuwatazama.

Tena kwa watu wa Georgia jambo hilo halikuwa geni. Husimuliwa kwamba zamani bibi harusi wa huko alipopelekwa kwa mume, katika vyombo vyake mlikuwamo ubao wa sataranji, kama kwetu bibi harusi anavyopelekwa na kanda na masanduku yake. Iwapo ni kweli kwa kila nyumba au kwa nyumba za wakubwa tu, hilo si muhimu sana. Muhimu ni kwamba watu wake waliona fahari kulisimulia.

Mwalimu mmoja, Vakhtang Karseladze, alimwona Nona akicheza angali mtoto, akawasihi wazazi wake wamruhusu kuhamia Tbilisi, mji mkuu, apate kufundishwa. Alikuwa na umri wa miaka kama 12. Hebu wazazi wajiweke mahali pale. Binti pekee kati ya wavulana watano, na mtu anakuja kumwomba aende mji wa mbali kwa ajili ya mchezo. Wazazi wake walikubali, naye akakaa chini ya uangalizi wa jamaa. Hatusemi kila mzazi afanye hivyo. Tunasema tu kwamba uamuzi mgumu katika kisa hiki haukufanywa na bingwa. Ulifanywa na baba na mama yake, kabla hajawa bingwa wa kitu chochote.

Mwaka 1961 alishinda mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia wa wanawake. Bingwa alikuwa Elisaveta Bykova, Mrusi mwenye uzoefu mkubwa. Walikutana Moscow mwaka 1962, na Nona, mwenye umri wa miaka 21, akamshinda kwa pointi 9 kwa 2: michezo saba alishinda, minne wakaenda sare, na hakupoteza hata mmoja. Ubingwa huo alikaa nao miaka 16. Mara tatu, mwaka 1965, 1969 na 1972, alikuja mtu mmoja kuutaka, Alla Kushnir, na mara zote tatu akarudi bila nao. Ile ya mwaka 1972 kwa tofauti ya pointi moja tu. Mwaka 1975 akaja Nana Alexandria, Mgeorgia mwenzake, naye hakufua dafu.

Wasomaji wetu wengi wanajua bao la kete kuliko sataranji, basi tuwape kipimo. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na vyumba 64. Ni hesabu zile zile zimepinduliwa. Mwenye kumjua fundi wa bao, yule anayetazama mtaji wa mwenzake na kuona mbele kete zitakapolala, anajua ni kazi gani hiyo ya kichwa. Sasa amfikirie fundi huyo akikaa hivyo kwa saa tano, siku baada ya siku kwa wiki nyingi, na dunia nzima ikiandika kila kete anayoisogeza, ikingoja akosee.

Lakini ubingwa wa wanawake haukumtosha, na hapa ndipo penye kiini cha kisa. Wakati ule desturi ilikuwa wanawake wacheze na wanawake. Nona akataka kukaa mbele ya wanaume. Msimu wa mwaka 1963 kuamkia 1964 alikwenda Hastings, Uingereza, akashinda kundi la pili la mashindano mashuhuri ya mji huo. Mwaka 1965 huko huko Uingereza, katika jimbo la Dorset, alicheza na wanaume 28 kwa wakati mmoja, akizunguka kutoka ubao hadi ubao. Kisha mwaka 1977, katika mji wa Lone Pine, California, kwenye mashindano yaliyojaa mabingwa wakubwa wa kiume, alimaliza wa kwanza kwa kulingana na wanaume watatu. Mwaka 1978 shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, likampa cheo cha bingwa mkuu, kile ambacho wachezaji hukiita grandimasta. Hakuna mwanamke aliyekuwa amekipata kabla yake.

Mwaka huo huo aliupoteza ubingwa wa wanawake. Aliyemwondoa ni Maia Chiburdanidze, msichana wa miaka 17. Naye alikuwa Mgeorgia, amekua katika nchi ambayo tayari ilikuwa imeujenga mjini Tbilisi mwaka 1973 ukumbi mkubwa wa sataranji kwa heshima ya Nona, na ambayo wasichana wake walikuwa wakicheza kwa sababu Nona alicheza. Yaani alishindwa na mti alioupanda mwenyewe. Tumeliona hilo katika madrasa zetu: mwanafunzi anampita mwalimu kwa tajwidi, na mwalimu wa kweli huificha furaha yake kwa shida.

Wengi wangeondoka hapo. Alikuwa na umri wa miaka 37, ana mume na mtoto wa kiume, ana cheo ambacho hakuna mwanamke mwingine alikuwa nacho. Nona hakuondoka. Mwaka 1986 mashindano ya mataifa yalifanyika Dubai, katika Ghuba ambako wengi wetu tuna ndugu. Alikuwa na miaka 45, akiichezea timu ya Muungano wa Sovieti pamoja na mabinti waliokuwa wakimwita shangazi kwa umri. Alicheza michezo kumi. Akashinda yote kumi. Sovieti ilipovunjika, akaichezea Georgia mwaka 1992. Mwaka 1995 akawa bingwa wa dunia wa wanawake wazee, na mwaka 2009 akawa tena.

Urefu huu wa kazi si jambo dogo katika mchezo huu. Tutatoa mfano wa upande wa pili, na huu unatuhusu kwa karibu zaidi. Mir Sultan Khan alikuwa Mwislamu wa Punjab, katika sehemu ambayo leo ni Pakistan. Alifika London mwaka 1929 akifuatana na bwana mmoja mkubwa wa ardhi, Sir Umar Hayat Khan, na mwaka huo huo akawa bingwa wa Uingereza. Akautwaa tena mwaka 1932 na 1933. Huko Hastings alimshinda José Raúl Capablanca, aliyekuwa bingwa wa dunia kabla ya hapo. Kisha bwana wake akarejea nyumbani, naye akarejea, na kazi yake ya sataranji ya kimataifa ikaishia hapo, isiyofika miaka mitano. Alifariki mwaka 1966. FIDE ilimpa cheo cha heshima cha bingwa mkuu mwaka 2024, miaka 58 akiwa kaburini.

Katika nyumba ile ile ya Sir Umar, London, alikuwako msichana Mwislamu aliyejulikana kwa jina la Fatima. Mwaka 1933, mwaka ambao Sultan Khan alitwaa ubingwa wake wa mwisho, Fatima alitwaa ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Kisha naye akarudishwa nyumbani na msafara, na mashindano mengine hakucheza. Mzee wetu alipodai hakuna binti wa Kiislamu aliyewahi kuheshimika kwa sataranji, jina tulilomtajia kwanza ni hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza alikuwa binti wa nani. Hilo ni swali la mzazi wa pwani hasa.

Na kwa jirani zetu wa Uganda yuko Phiona Mutesi, aliyekulia mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala. Alianza kwenda kwa mwalimu Robert Katende kwa sababu waliokwenda kujifunza sataranji walipewa kikombe cha uji. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya mataifa nchini Urusi, mwaka 2012 akacheza tena Istanbul, na filamu ya maisha yake ikatoka mwaka 2016, ambapo mama yake aliigizwa na Mkenya mwenzetu, Lupita Nyong'o. Baadaye Phiona alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu Marekani. Hajawa bingwa mkuu, na hatuna haja ya kumkuza kuliko alivyo. Lakini kwa swali la "atapata nini", uji ule ulizaa shahada, nayo ni faida ambayo hata mzazi mgumu huielewa.

Tukirudi kwa Nona, jambo linalotupendeza zaidi lilitokea akiwa bibi wa miaka 80. Oktoba 2020 ilitoka tamthilia mashuhuri ya Netflix juu ya msichana wa kubuni, bingwa wa sataranji wa Marekani. Bila shaka wengi wa mabinti zetu wameitazama. Katika sehemu yake ya mwisho mtangazaji anamtaja Nona Gaprindashvili kwa jina lake halisi, na kusema kwamba ni bingwa wa dunia wa wanawake lakini hajawahi kukabiliana na wanaume. Neno moja, sekunde chache. Wengi wangesema: ni hadithi tu, mwache apite.

Yeye hakuliacha lipite. Wanaume 28 wa Dorset, mashindano ya Lone Pine, mabingwa wakubwa aliokaa mbele yao tangu miaka ya 1960, yote hayo yalifutwa kwa sentensi moja ili msichana wa kubuni aonekane wa kwanza. Septemba 2021 alifungua kesi katika mahakama ya Los Angeles akidai dola milioni 5 za Marekani, na akalalamika pia kwamba ameitwa Mrusi hali ni Mgeorgia. Kampuni ilitaka kesi itupwe, ikidai tamthilia ni kazi ya kubuni na ina uhuru wake. Januari 2022 jaji alikataa kuitupa: kubuni hakumpi mtu ruhusa ya kusema uwongo juu ya mtu aliye hai anayetajwa kwa jina. Septemba 2022 pande mbili zikapatana, na masharti hayakutangazwa.

Sisi tuliosoma juu ya hadhi ya ulimi na ubaya wa kumsingizia mtu tunaelewa vyema kwa nini alikasirika. Ajabu ni kwamba wako waliomcheka, wakisema bibi mzee ana haja gani na jina sasa. Jina ndilo alilokuwa nalo. Nchi aliyoichezea kwa miaka mingi imevunjika, ubingwa wake ulishapita kwa wengine, wengi aliokabiliana nao wamefariki. Kilichobaki ni kumbukumbu ya alichokifanya, na hicho ndicho alichokwenda kukidai.

Kabla ya mwaka huo kwisha, mwezi Novemba, mashindano ya dunia ya wazee yalifanyika Assisi, Italia. Nona Gaprindashvili alikuwako, mwenye umri wa miaka 81. Alikaa mbele ya ubao katika kundi la wanawake waliopita miaka 65, wengine wadogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi, akautwaa tena ubingwa wa dunia.